Mshairi Aitwaye Muuza Maini

"Hicho Kiajemi kinaliwa na nini?"

Baba aliuliza swali hilo siku Mfupa alipopokewa chuo kikuu, na hakuchoka kuliuliza kwa miaka minne. Alikuwa mchinjaji mwenye bucha lake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo hupenda kujua kila kitu kinaliwa na nini. Mfupa, mwanawe wa pekee, alipewa jina hilo na watoto wa mtaa kwa sababu hakuna aliyeelewa inakuwaje mtu akulie katikati ya nyama na abaki mwembamba kama mti wa ufagio.

Ukweli ni kwamba Mfupa hakuchagua Kiarabu wala Kiajemi. Aliomba sheria, wakamwambia sheria imejaa. Akaomba biashara, imejaa. Karani akamtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kutupa takataka, akasema, "Kuna Idara ya Kiarabu na Kiajemi. Ile haijawahi kujaa."

Akaingia kwa kukosa pa kwenda, kama wengi wanavyoingia kwenye ndoa, na kama wachache wao akaja kupenda. Aligundua kwamba Waarabu wa kale wakiachwa na mwanamke walisimama penye majivu ya jiko lake wakalia, kisha wakajifuta machozi na kumsifu ngamia kwa beti arobaini. Waajemi wao wakiachwa walikwenda kunywa, wakarudi na shairi. Mfupa aliyekuwa ameshaachwa mara mbili, na hana ngamia wala pesa ya kunywa, alijiona amefika kwa ndugu zake. Kilichomsikitisha ni majirani tu. Waliposikia anasoma Kiarabu walianza kumwita shehe na kunyamaza kila alipopita, na Mfupa alikuwa mpenda umbeya.

Idara yenyewe ilikuwa vyumba viwili mwisho wa korido, mkabala na stoo ya mifagio. Kiongozi wake alikuwa profesa mnene mwenye sauti ya taratibu ambaye wanafunzi walimwita Bahari, kwa kuwa mwenyewe alipenda kusema elimu ni bahari, huku akijigusa kifua. Kusema haki, alijua mengi. Shida ni kwamba hakuna aliyewahi kumsikia akisema hajui. Ukimuuliza njia ya kwenda mahali asipopajua atakuelekeza hatua kwa hatua, na utapotea kwa heshima zote.

Mwaka wa mwisho ikatangazwa nafasi moja ya mkufunzi msaidizi. Mfupa aliitaka nafasi ile mpaka akakosa usingizi, maana Baba alikuwa amesema waziwazi: "Ukimaliza, chuo kikupe kazi au mimi nikupe kisu. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini." Na Mfupa alilijua zizi lile. Alikuwa amelipiga deki tangu ana miaka saba.

Mwombaji mwingine alikuwa mmoja tu, binti mmoja wa darasa lake waliyemwita Kasuku. Kasuku alihifadhi. Alihifadhi diwani nzima, utangulizi, maelezo ya chini na anwani ya mchapishaji. Ungemwamsha usingizini angekupa ubeti unaoutaka na ukurasa wake. Ila katika miaka minne hakuna aliyemsikia akisema jambo lililotoka kichwani mwake mwenyewe.

"Tutawapima kwa njia ya wenyewe," Bahari akatangaza. "Mashindano ya beti."

Mashindano hayo ni mchezo wa Waajemi wa tangu zamani. Mmoja anasoma ubeti wa mishororo miwili. Herufi ya mwisho ya ubeti wake ndiyo herufi ambayo mwenzake lazima aanzie ubeti mwingine. Anayekosa ubeti ameshindwa. Kwa mwenye kumbukumbu ni mchezo, kwa asiye nayo ni kunyongwa taratibu.

Siku yenyewe darasa zima lilikuja, watu tisa. Alikuja pia Mkuu wa Kitivo, mama mmoja mwanauchumi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye ndiye angetia saini. Hakujua Kiajemi hata neno, kwa hiyo Bahari aliahidi kumtafsiria kila ubeti.

Mfupa alianza vizuri. Alikuwa na beti kama mia mbili kichwani, nyingi za ulevi. Lakini Kasuku hakuwa mjinga. Baada ya robo saa akaanza kumaliza kila ubeti kwa herufi moja ngumu, ile ambayo hata kwenye kamusi ina ukurasa mmoja na nusu, imekaa pembeni kama mkwe asiyependwa. Mfupa akatoa ubeti wa kwanza wa herufi ile. Akatoa wa pili. Kasuku akamrudishia ileile mara ya tatu, akakunja mikono kifuani.

Mfupa alitafuta kichwani, akakuta kweupe. Akaliona bucha, akaiona ndoo ya deki, akamwona Baba anamkabidhi kisu. Mfa maji haachi kutapatapa. Akafungua kinywa, na kilichotoka hakikuwa cha diwani yoyote duniani. Kilikuwa Kiajemi safi, vina vimekaa, mizani imekaa, kimeanza kwa herufi ile ngumu na kwa makusudi kimeishia kwa herufi ileile. Maana yake ilikuwa:

*Ewe muuza maini, langu usilitie mizanini;*
*tangu aondoke yule, hata nzi hawalitamani.*

Ikumbukwe kwamba Waajemi wakisema mapenzi husema ini, kama sisi tunavyosema mtu kamkata mwenzake maini. Kwa hiyo ubeti ule haukuwa wa ajabu kwa mambo yake. Uajabu wake ni kwamba ulikuwa mzuri.

Bahari alifumba macho. "Aaah," akasema. "Aaah! Kijana, huyu ni nani?"

Mfupa akadaka jina lililokuwa karibu. "Ni... yule Muuza Maini, Profesa."

"Muuza Maini," Bahari akarudia polepole, kama mtu aliyekutana na rafiki wa utotoni. "Bila shaka. Karne ya..."

"Ya sita ya Hijria, Profesa."

"Ya *saba*," Bahari akamsahihisha. "Wa karne ya sita ni Muuza Maini mkubwa, hana ubora huu. Watu huwachanganya. Huyu ni mdogo, aliyekufa kwa huzuni." Akamgeukia Mkuu wa Kitivo. "Nilimsoma nikiwa kijana, Mama. Nakala ilikuwa imeliwa na mchwa, lakini ladha ile huisahau?"

Mfupa alimtazama mwalimu wake akimzaa mtu, akimlea na kumzika, yote kwa pumzi moja. Kisha akamtazama Kasuku.

Kasuku alikuwa amekodoa macho. Yeye alijua kila mshairi wa Kiajemi aliyewahi kupiga chafya, na huyu hakuwamo. Lakini angesemaje? Profesa ameshasema alimsoma. Na zamu ilikuwa yake, kwa herufi ileile, na beti zake za herufi ile alikuwa amezimaliza kwa kumnyonga mwenzake. Halafu, mbele ya watu wote, Kasuku akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akatunga.

*Hata nzi ana staha, huchagua pa kutua;*
*wewe huna mapenzi, bwana, una njaa inakusumbua.*

"Muuza Maini pia," akaongeza haraka, uso umemwiva.

"Katika ugomvi wake na mkewe," Bahari akaeleza, akitikisa kichwa kwa furaha. "Endeleeni, wanangu!"

Mfupa hakungoja kuambiwa mara mbili.

*Njaa na mapenzi ndugu, tumbo lao ni moja;*
*ukimlisha huyu leo, yule mlangoni angoja.*

Hapo Kasuku akakwama. Alitafuta dari, alitafuta sakafu, hakupata. Darasa likapiga makofi. Bahari akasimama, machozi yamemlenga, akasema nafasi ni ya kijana huyu, kwa kuwa si kila siku mwanafunzi anakurudishia mshairi wa ujana wako.

"Vizuri," akasema Mkuu wa Kitivo, akivaa miwani. "Mimi si mtu wa mashairi, lakini hicho cha nzi nimekipenda. Nitatia saini Ijumaa. Mniletee na kitabu cha huyo bwana, nikione."

*

Kesho yake Kasuku alikuja buchani. Alisimama foleni kama wateja wengine, na zamu yake ilipofika Baba akamuuliza, "Nikukatie wapi, binti?"

"Namtaka huyo," akasema, akimwonyesha Mfupa aliyekuwa anaosha utumbo.

"Huyo ni mfupa mtupu," Baba akasema. "Lakini chukua."

Wakatoka nje, upande wa nyuma, penye mapipa.

"Hakuna Muuza Maini," Kasuku akasema.

"Na wewe je? Ule wa nzi mwenye staha umeutoa diwani gani?"

"Usinichokoze. Nimehifadhi miaka minne. Nimehifadhi mpaka mama yangu ameacha kunisemesha mezani, maana nikijibu najibu kwa beti. Siwezi kushindwa kwa sababu ya maini!" Akavuta pumzi. "Ijumaa utasema mwenyewe. Usiposema, nitasema mimi."

Mfupa alianza kujitetea. Alimkumbusha kwamba Bahari mwenyewe ndiye aliyewafundisha habari za wapokezi wa kale wa Waarabu, waliohifadhi mashairi ya wengine lakini wakatunga na yao wakayabandika majina ya marehemu, kisha wakawauzia magavana. Leo hao wana swali lao zima kwenye mtihani.

"Wale wamekufa," Kasuku akasema. "Wewe upo hai na unanuka utumbo."

Mfupa akaahidi atasema. Alipomwona anaondoka akamwita: "Dada! Lakini ule wa nzi ulikuwa mzuri."

Kasuku hakugeuka, ila hatua zake zilipotea mwendo kidogo.

*

Ijumaa walikutana wanne, Kasuku akiwamo, ofisini kwa Mkuu wa Kitivo. Saini ilikuwa inangoja, kalamu ipo juu ya meza. Mfupa hakukaa.

"Mama, na wewe Profesa, mnisamehe. Kitabu hakipo. Muuza Maini hayupo. Beti zile nilizitunga mimi, palepale, kwa kuogopa kushindwa."

Alitarajia kelele, au kicheko, au kufukuzwa. Kilichokuja ni tabasamu la Bahari, la upole kama la daktari kwa mgonjwa anayejiona mfalme.

"Wewe?" akasema.

"Mimi, Profesa."

"Wewe utunge *langu usilitie mizanini*? Mwanangu. Nimefundisha Kiajemi tangu hujazaliwa. Ninajua mkono wa mkubwa nikiuona. Mtoto wa muuza nyama, na sisemi kwa dharau, hatungi hivyo."

"Lakini ndiyo maana beti zina maini, Profesa! Mimi ndiye ninayeyakata!"

"Mama," Bahari akamgeukia Mkuu wa Kitivo, na sasa sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli, "hili ni jambo zito. Kijana amekutana na beti za mshairi aliyesahauliwa, na sasa anadai ni zake. Huu ni wizi wa kazi ya mtu."

"Mtu gani?" Mfupa akapaza sauti. "Namwibia nani?"

"Marehemu," Bahari akasema. "Ndiyo mbaya zaidi, hawezi kujitetea."

Mkuu wa Kitivo aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa uso wa mtu aliyeitwa kuamua kesi ya majirani na kukuta wote wamelewa. "Mimi ni mwanauchumi," akasema. "Kitu kikikosa mwenyewe huwa tunajua cha kufanya. Hiki kina wenyewe wawili, na mmoja hayupo."

Bahari akainua mkono. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda kijana yule. "Tusimharibie maisha. Aseme tu kwamba alighafilika. Aseme beti si zake, ni za Muuza Maini, yeye ni mpokezi tu. Basi. Nafasi ni yake, na kazi yake ya kwanza itakuwa kunitafutia zilizobaki."

Mfupa aliitazama ile kalamu. Lilikuwa jambo jepesi kupita kiasi. Alikuja kuungama uongo, na sasa ili apate kazi ilibidi aseme uongo uleule, tena kwa kuombwa, tena mbele ya shahidi. Neno moja tu, na asingeosha utumbo tena maisha yake. Akajisikia ulimi unaanza kulitamka.

Lakini tangu azaliwe hakuwahi kutengeneza kitu kizuri hata kimoja. Alikata nyama vibaya, Baba alisema hivyo kila siku. Alihifadhi vibaya, Kasuku alikuwa shahidi. Beti zile mbili ndizo kitu pekee alichokitoa tumboni mwake na mtu mwingine akafumba macho na kusema *aaah*. Sasa anaambiwa ampe mtu asiyekuwepo.

"Ni zangu," akasema.

"Fikiri, mwanangu."

"Nimefikiri. Mnipe kazi, msinipe, ni zangu. Mpaka na yule nzi wa kwanza. Nzi wa pili ni wa huyu dada."

Wote wakamgeukia Kasuku. Mkuu wa Kitivo akavua miwani. "Haya, binti, wewe ndiye uliyehifadhi kila kitu. Tuambie. Mshairi huyo yupo, hayupo?"

Kasuku aliwahi kusimulia baadaye kwamba katika dakika ile alisikia moyo wake ukidunda kwa vina. Akisema hayupo, Profesa ameaibika, na profesa aliyeaibika hamwajiri shahidi wa aibu yake. Akisema yupo...

Akatazama chini. "Yupo," akasema. "Karne ya saba."

Kalamu ikanyanyuliwa. Jina lililoandikwa lilikuwa lake.

*

"Hebu nielewe," Baba alisema jioni ile, kisu kimesimama hewani. "Umenyimwa kazi kwa kumwibia mtu."

"Ndiyo, Baba."

"Na huyo mtu hayupo."

"Hayupo."

"Na ulichomwibia kilikuwa chako."

"Changu."

Baba alilikata paja la mbuzi vipande viwili kabla ya kusema tena. "Mimi nimeishia darasa la sita," akasema. "Kila nilipopita pale chuoni nilijiona nimepungukiwa. Leo nimepona." Akamtupia aproni. "Vaa. Na usikate kidole, watu watadai ni cha kwao."

Wiki kadhaa zikapita. Mfupa akawa mchinjaji, tena si mzuri. Siku moja mchana Kasuku akatokea tena foleni, safari hii amevaa viatu vya kazini na macho mekundu.

"Njoo unitukane," akasema. "Nimekuja kwa hiari yangu."

"Nina wateja."

"Anataka beti mia moja za Muuza Maini. Anataka kusoma mbele ya chuo kizima. Nimemtungia hamsini, Mfupa, hamsini! Nimempelekea. Amesoma wa kwanza, amesoma wa pili, akazirudisha zote. Akasema, *Binti, hizi si zake. Aliyeandika hizi hajawahi kushika ini.*"

Mfupa akaacha kukata. "Alisema hivyo?"

"Kwa kila ubeti. Ule wa nzi tu ndio alioukubali, na huo nilikuwa nimekasirika." Akajifuta pua. "Ana sikio yule mzee. Ndilo linalonitesa. Nitungie, nitakupa chochote unachotaka."

"Sitaki kitu. Na situngi kwa jina la marehemu. Akizitaka, azifuate zilipo."

"Profesa? Aje *hapa*?" Kasuku alitazama nzi, ndoano, na damu iliyokuwa ikitiririka kwenye mfereji. "Hawezi."

"Basi asizitake."

Alikuja Jumamosi, wakati bucha limefurika. Walimwona mlangoni, mnene, amevaa koti, leso puani. Mfupa hakumkaribisha wala hakumwamkia. Bahari akasimama foleni nyuma ya mama mwenye kikapu na mbele ya mama mwingine mwenye haraka. Akasogea, akasogea, mpaka akafika kwenye meza ya kukatia.

"Nipe ini," akasema. "Nusu kilo."

Mfupa akakata, akapima, akafunga. Bahari akapokea kifurushi lakini hakuondoka. Aliyatazama yale mapaja yaliyoning'inia kama mtu anayetafuta maandishi juu yake.

"Kuna beti nyingine?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo darasani haikuwahi kusikika.

"Za nani, Profesa?"

Baba aliacha kunoa kisu.

"Zako," Bahari akasema.

Mfupa akafuta mikono kwenye aproni. Akaegemea mizani, akatoa ubeti mmoja kwa Kiajemi, kisha, kwa kuwa pale palikuwa na watu, akautoa tena kwa lugha ya wote:

*Nimekufa miaka mia saba, sina kaburi wala jina;*
*mwanachuoni akanifufua, na leo amenizika tena.*

Bahari alifumba macho. Midomo ilikuwa ikihesabu mizani. Kifurushi cha ini kilianza kumdondokea kwenye kiatu, tone, tone, naye hakuona. Alifumba macho kwa muda mrefu mno, mpaka mama wa nyuma akamgusa bega.

"Mzee wangu," akasema, "ukimaliza kulia, sisi wengine tuna watoto nyumbani. Sogea kidogo nami nikatiwe mbavu."

Akasogea, akasimama ukutani, akangoja ubeti mwingine.